Jumlisha Niliyoifuta

Ndugu zangu, habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimepewa dakika 40, na harufu ya pilau imeshaanza kuingia kwa mlango ule wa nyuma, kwa hiyo najua nashindana na nani. Nimeombwa niseme juu ya namba za matoleo na uthabiti wa API, yaani milango ambayo programu moja hupitia kuitumia nyingine, kwenye programu huria. Kichwa kikavu hicho, kama mkate wa juzi. Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe, nadharia itakuja ikinifuata.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika maktaba ndogo ya lugha ya PHP, yaani kipande cha programu ambacho wengine hukiingiza kwenye programu zao. Ndogo kweli, mistari haifiki 300. Kazi yake ilikuwa moja tu: unaipa namba ya simu jinsi mtu alivyoiandika kwenye fomu, iwe imeanza na 0754, iwe na nafasi katikati, iwe na vistari, iwe imeandikwa na karani aliyechoka, nayo inakurudishia namba iliyonyooka, inayoanza na +255. Nikaiweka hadharani kwa leseni huria, nikaendelea na maisha. Watu wakaiokota. Sikujua ni kina nani, na kwa kweli sikuuliza.

Jumanne moja usiku nikawa nasafisha kodi. Kodi ninayosema ni maandishi ya programu, si ile ya TRA, tulieni. Ile alama ya jumlisha mbele ya 255 ikaanza kunikera. Huduma ya SMS niliyokuwa natumia ilitaka namba bila jumlisha, hivyo kila programu yangu ilikuwa na mstari wa kuikata. Nikajisemea, maktaba ni yangu, kwa nini nijitese? Nikaifuta. Mstari mmoja. Kwenye maelezo nilikuwa nimeandika tu kwamba fanksheni yake, kile kipande kinachofanya kazi hiyo, "hurudisha namba katika muundo wa kimataifa", na 255754 nayo ni muundo wa kimataifa, nani atabisha? Nikaandika "marekebisho madogo", nikapandisha toleo kutoka 1.4.1 kwenda 1.4.2, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Ijumaa saa mbili usiku simu ikaita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Samahani kwa usumbufu. Ni wewe mwenye ile maktaba ya namba za simu?"

Mtu akianza hivyo, kaa chini kwanza. Alikuwa kijana wa Mwanza, anayetunza mfumo wa SACCOS moja. Namba ya simu ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mwanachama kwenye hifadhidata yao, pamoja na ile jumlisha yake. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamehamia seva mpya, wakasakinisha kila kitu upya, na faili lao la vitegemezi, orodha ya maktaba wanazozitumia, lilikuwa limeandikwa 1.4.0 na alama ya kofia mbele yake. Mnaijua hiyo kofia: maana yake ni "niletee toleo lolote jipya, mradi halijafika 2.0.0". Basi 1.4.2 ikaingia yenyewe kama mgeni mwenye ufunguo. Kila aliyetuma pesa siku ile mfumo ulimtafuta bila jumlisha, ukamkosa, ukamfungulia akaunti mpya. Kuna mama mmoja alikuwa amemaliza rejesho la mwisho la mkopo wake. Badala ya risiti akapokea ujumbe: karibu sana, umekuwa mwanachama mpya, akiba yako ni shilingi 0.

Kijana hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliuliza tu: "Sasa kaka, mbona uliandika ni marekebisho madogo?"

Tunasema ahadi ni deni. Kwenye programu huria deni hilo lina shida yake: anayekudai humjui jina, hujui anakudai nini, na mara nyingi hata yeye hajui kwamba anakudai, mpaka siku umeshindwa kulipa.

Sasa ile nadharia. Wengi wenu hapa mnatumia utaratibu unaoitwa SemVer, ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi. Toleo lake la 2.0.0 ni la mwaka 2013. Namba tatu. Ya mwisho inapanda ukirekebisha hitilafu bila kugusa kitu kingine. Ya katikati inapanda ukiongeza kitu kipya na vya zamani vikabaki vinafanya kazi. Ya kwanza inapanda ukivunja. Ni hivyo tu, na anayefikiri ni kama desimali akumbuke kwamba 1.10 inakuja baada ya 1.9, haina udugu na 1.1. Lugha ya Python ilipofika 3.10 mwaka 2021, zilikuwepo programu zilizokuwa zikisoma herufi tatu za mwanzo za namba ya toleo. Zikasoma 3.1, zikakataa kufanya kazi zikidhani zimerudishwa nyuma zaidi ya miaka kumi.

Kwa hapa Dar namba ya toleo ni kama maandishi ya ubavuni mwa daladala. Gari limeandikwa Mbagala–Kariakoo, unapanda ukiwa umetulia, hata usingizi unaupitia. Likikatisha ruti, kondakta akawashusha Mtongani, hasira yako haitokani na kwamba gari haliwezi kuishia Mtongani. Lingeandikwa Mtongani ungeamua mwenyewe kupanda au kuliacha. Toleo langu la 1.4.2 lilikatisha ruti.

Lakini hapo ndipo watu wengi wanapoishia. Wanasema: basi ulipaswa kuandika 2.0.0, mambo yakaisha. Hapo tunaachana. Fikirini. Ningeandika 2.0.0, SACCOS wangeendelea na 1.4.1, sawa. Mwaka ungepita, hitilafu nyingine ningeirekebisha kwenye 2 tu, kwa sababu mimi ni mmoja na usiku ni mmoja. Siku moja yule kijana angelazimika kuhamia 2, na siku hiyo yule mama angekaribishwa uanachama vilevile. Namba ingekuwa ya kweli. Mama angebaki na akiba ya shilingi 0.

Kabla sijaendelea na hilo, tuulizane: API ni nini hasa? Ni yale uliyoandika kwenye maelezo? Mimi kwa maelezo yangu sikuvunja kitu.

Nyumbani kwenu soketi ni ya pini tatu, na chaja mliyonunua Kariakoo ni ya pini mbili za mviringo. Mnafanyaje? Naona mnacheka. Unachukua kalamu, unaisukuma kwenye tundu la juu, vile vifuniko viwili vya chini vinafunguka, unachomeka chaja, unachomoa kalamu. Mama yangu anafanya hivyo, na mimi nimefanya, ingawa fundi yeyote wa umeme atakwambia ni hatari. Mhandisi aliyebuni soketi ile aliweka vile vifuniko kumlinda mtoto asiingize msumari. Hakuwahi kuahidi popote kwamba kalamu itavifungua. Sasa jaribu kutengeneza soketi ambayo vifuniko vyake havifunguki kwa kalamu. Utakuwa umeboresha usalama, na nusu ya mtaa watairudisha dukani wakisema ni mbovu.

Mhandisi wa Google anayeitwa Hyrum Wright aliliona hilo akalisema kwa namna ambayo sasa inaitwa kwa jina lake, sheria ya Hyrum: watumiaji wakishakuwa wengi vya kutosha, haijalishi umeahidi nini kwenye mkataba, kila tabia ya mfumo wako inayoonekana itapata mtu wa kuitegemea. Hata alama ya jumlisha.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha mwaka 2010. Kwenye lugha ya C kuna fanksheni inaitwa memcpy, kazi yake kunakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Maelezo yake, tangu zamani za kale, yanasema sehemu hizo mbili zisipandiane. Zikipandiana, matokeo hayana dhamana. Miaka nenda rudi memcpy ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa inanakili kutoka mwanzo kwenda mwisho. Watu wa glibc wakaiboresha kwa ajili ya vichakataji vipya, ikawa wakati mwingine inanakili kutoka mwisho kuja mwanzo. Ikawa na kasi zaidi. Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikatoka nayo, na sauti kwenye Adobe Flash, programu ya kuchezea video kwenye kivinjari, ikaanza kukwaruza. Ndani ya Flash kulikuwa na mtu aliyenakili sehemu zinazopandiana, kinyume na maelezo, na kwa miaka yote bahati ilikuwa upande wake.

Watunzaji wakajibu kama ambavyo ningejibu mimi: kosa ni la Flash, maelezo yako wazi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaingia kwenye mjadala na hoja tofauti kabisa. Mtumiaji wa kawaida, hoja ilikwenda, hajui memcpy ni mnyama gani. Anachojua ni kwamba jana video ilikuwa inalia vizuri na leo hailii. Mwisho wake ni ule ninaoupenda. Katika glibc 2.14, mwaka 2011, walitenganisha majina kwa ndani: programu zilizotengenezwa zamani zikapewa memcpy yenye tabia salama, zinazotengenezwa sasa zikapewa mpya yenye kasi. Hakuna aliyelazimishwa kuhama. Hakuna aliyeandikiwa barua. Flash ikaimba tena.

Huyo Torvalds ana msimamo mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu, maana kwake namba za matoleo hazina maana yoyote. Sisemi kwa kumdharau, mwenyewe ndivyo anavyosema. Zamani Linux ilikuwa na mpango: namba ya pili ikiwa shufwa, kama 2.2 au 2.4, toleo ni thabiti. Ikiwa witiri, kama 2.5, ni la majaribio. Baadaye mpango huo ukaachwa, 2.6 ikakaa miaka na miaka mpaka ikafika 2.6.39. Mwezi Julai 2011 ikaja 3.0, na hakuna kilichovunjwa wala kitu kikubwa kilichoongezwa. Namba zilikuwa zimekuwa ndefu, basi. Ilipofika 4.0 mwaka 2015 alikuwa anatania kwamba vidole vya mikono na miguu vinamwishia. Akafanya hivyo tena kwa 5.0 mwaka 2019 na 6.0 mwaka 2022.

Sasa angalieni. Kiini cha Linux, ile sehemu yake ya ndani inayoendesha mashine, kimepanda namba ya kwanza mara kadhaa bila kuvunja, na ahadi yake kwa programu zilizo nje yake ni ngumu kama jiwe: mabadiliko ya kiini yakiifanya programu ya mtumiaji ishindwe kufanya kazi, hitilafu ni ya kiini, si ya programu. Desemba 2012 mtunzaji mmoja alijaribu kuirushia lawama programu ya sauti. Jibu alilopewa na Torvalds lipo hadharani, lakini mbele ya wazee waliokaa hapa siwezi kulirudia.

Na hata ile 3.0, iliyokuwa haijavunja chochote ila tarakimu, ilizikuta programu zinazotegemea kwamba jina la toleo litaanza na 2.6. Zikaanguka. Unajua walifanya nini? Waliongeza mlango maalumu: programu ikiomba, kiini cha 3.0 kinajitambulisha kuwa ni 2.6.40. Yaani kinadanganya jina lake ili mzee fulani asishtuke. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Baada ya ile simu ya Mwanza sikucheka tena.

Lakini msichukue nusu ya habari. Ndani ya kiini chenyewe, baina ya sehemu na sehemu, hakuna uthabiti wowote ulioahidiwa. Kuna hati humohumo ndani ya kodi ya Linux, ya Greg Kroah-Hartman, inayoeleza kwamba API ya ndani thabiti hawataki hata kuisikia. Fundi wa ndani anaweza kuhamisha kuta apendavyo. Mlango wa mbele haubadiliki kitasa. Mstari baina ya ndani na nje umechorwa, kila mtu anaujua. Mimi kwenye maktaba yangu ya mistari 300 sikuwa nimechora mstari wowote. Kila fanksheni ilikuwa wazi, hata zile za jikoni.

Upande wa pili wa hadithi ni Python. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mmeanza na Python 3 na mnasikia tu wakubwa wakilalamika.

Tarehe 3 Desemba 2008 Python 3.0 ilitoka. Walifuata kitabu neno kwa neno. Walitangaza mapema kwamba itavunja, wakapandisha namba ya kwanza, wakaandika kila mabadiliko, wakatoa hata zana ya kutafsiri kodi ya zamani. Print ikawa fanksheni, inataka mabano. Hilo dogo. Kubwa lilikuwa maandishi: Python 2 ilichanganya baiti na herufi kwenye kapu moja, Python 3 ikatenganisha.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili tatizo lile lilikuwa linajificha. Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini hakina vikofia wala nukta juu ya herufi. Mtu anaandika programu mwaka mzima, majina ya watu, ya vijiji, kila kitu kinapita. Mpaka siku anapoandika ng'ombe kwenye simu, na simu kwa ujanja wake inageuza ile alama ya juu kuwa ya kupinda. Alama ya kupinda haimo kwenye zile herufi 128 za ASCII, orodha ya zamani ya herufi za kompyuta. Python 2 inaikuta katikati ya kutuma ripoti ya mifugo, inaanguka. Nimeiona kwa macho: ripoti nzima imekwama kwa sababu ya ng'ombe. (Hata kwenye SMS alama hiyohiyo moja inaubadilisha ujumbe wote, badala ya herufi 160 unabaki na 70, na bili inapanda bila mtu kujua kwa nini. Hilo ni la siku nyingine.) Kwa hiyo mabadiliko yalikuwa ya haki, na sisi ni miongoni mwa walionufaika.

Na bado. Python 2.7 ilitoka Julai 2010, ikiwa ya mwisho wa ukoo wake. Ilitakiwa ifungwe 2015. Mwaka 2014 wakaongeza miaka mitano, kwa sababu watu hawakuwa wamehama. Ikafungwa rasmi Januari 2020, na toleo la mwishomwisho, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huohuo. Hesabuni: zaidi ya miaka 11 kutoka 3.0. Namba ilisema kweli siku ya kwanza, na ukweli huo haukumhamisha mtu hata mmoja.

Kitu kimoja kilichosaidia kilikuwa kidogo sana. Kwenye Python 2 watu walikuwa wanaandika herufi u mbele ya maandishi kuonyesha kwamba ni Unicode, mpangilio wenye herufi za lugha za dunia. Python 3 ikaiondoa, kwa hoja safi kabisa: maandishi yote sasa ni Unicode, u ya nini? Matokeo yake, kodi moja haikuweza kufanya kazi pande zote mbili bila kuchezewa. Mwaka 2012, kwenye 3.3, wakairudisha. Haifanyi kazi yoyote. Ipo tu, kama kiti cha babu sebuleni. Lakini kwa kuwa ipo, mwenye maktaba aliweza kuandika kodi moja inayokubali 2 na 3 kwa pamoja, akahama taratibu huku watumiaji wake wamekaa palepale. Herufi moja isiyo na kazi ilisogeza watu wengi kuliko zana ya kutafsiri.

Mnaotumia PHP mna msiba wenu. Wangapi hapa mlijifunza kwa mysql_connect na mysql_query? Mikono juu, msione aibu. Zile fanksheni za kuunganisha na hifadhidata ya MySQL zilitangazwa kuwa zinastaafu kwenye 5.5, mwaka 2013, zikaondolewa kwenye 7.0, Desemba 2015. Onyo lilitolewa, muda ulitolewa, namba ilipanda. Na 7 ilikuja baada ya 5. 6 iliishia njiani, na vitabu vilivyokuwa vimeshaichapa jina vikabaki kama mialiko ya harusi iliyovunjika. Mimi mpaka leo naitwa kwenda kutazama tovuti za shule zilizokwama kwenye PHP 5 kwa sababu ya mysql_query. Aliyeandika alishamaliza chuo, alishaoa, ana watoto wawili, simu yake haipatikani.

Kwa upande wetu hili si la starehe. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, na Eldoret pale Kenya ni miongoni mwa sehemu za kwanza ulipowekwa, mwaka 2006. DHIS2, unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, unabeba takwimu za afya za wizara za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mifumo ya namna hii ina viunganishi vya pembeni vilivyoandikwa na vijana kama nyie, kila kimoja kimeshika API mahali pake. Ofisa takwimu wa wilaya anayepaswa kutuma ripoti ya mwezi hana muda wa kusoma kwamba sehemu fulani ya API imebadilishwa jina ili ipendeze.

Namna ya kuogopa deni ni kukataa kuahidi. Kuna miradi inakaa kwenye 0 miaka nenda rudi. SemVer yenyewe inaruhusu: ukiwa kwenye 0, chochote kinaweza kubadilika wakati wowote. React, maktaba ya kujenga kurasa za wavuti, ilikuwa inatumika na makampuni makubwa ikiwa bado 0.14, mpaka mwaka 2016 wakaona haya, wakaruka moja kwa moja hadi 15. Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ikaruka kutoka 0.12 hadi 4. Mwenye mradi wa 0.37 ambao watu wanalipia mishahara kupitia huo ni kama mpangaji wa miaka kumi anayesema yupo hapa kwa muda tu. Watu wakishakutegemea, andika 1.0, uishi nao.

Na kuna la kinyume, la wepesi wa kuwa mkarimu mapema. Stuart Feldman aliandika make, programu ya kujenga programu nyingine kutoka kwenye kodi yake, pale Bell Labs mwaka 1976. Akaamua kwamba mistari ya amri lazima ianze na herufi ya Tab, nafasi za kawaida hazikubaliki. Baada ya muda mfupi akaona ni uamuzi mbaya. Lakini kwa wakati huo alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi marafiki zake, akaona vibaya kuwasumbua. Kumi na wawili! Leo, karibu nusu karne, dunia nzima inahangaika na Tab isiyoonekana. Sisi tungeiita Tabu, na lingekuwa jina sahihi. Kwa hiyo sisemi usivunje kamwe. Nasema hesabu watu. Wakiwa kumi na wawili na unawajua kwa majina, vunja leo, wapigie simu, wanunulie chai.

Mniulize sasa ninafanyaje. Sina mengi.

Nikitaka tabia mpya, naipa jina jipya, ya zamani naiacha. Lugha ya Go ina mtindo huo: iliahidi mwaka 2012 kwamba kodi iliyoandikwa kwa Go 1 itaendelea kukubali, na mwaka 2023 wakasema wazi kwamba Go 2 ya kuvunja programu za zamani haitakuja. Maktaba ya Go ikipanda kwenda 2, namba inaingia kwenye anwani yake, hivyo 1 na 2 zinaweza kukaa ndani ya programu moja kama mke mkubwa na mdogo, kila mmoja na nyumba yake.

Kitu kikistaafu, onyo linatokea kwenye skrini ya mwandishi wa programu, si kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma, na linamwambia atumie nini badala yake.

Na kabla sijatoa toleo, ninajaribu kodi za watu wengine juu ya langu. Watu wa lugha ya Rust wana mashine ya kazi hiyo, inaitwa Crater: inachukua vifurushi vya Rust vilivyo hadharani na kuvijenga kwa toleo jipya kabla halijatoka, waone nini kitavunjika. Mimi sina mashine. Nina orodha ya miradi saba ninayoijua inatumia maktaba yangu, mmoja wao ni wa SACCOS ile, na majaribio yake nayaendesha kila ninapotaka kutoa toleo. Inachukua dakika nne, muda wa kuchemsha chai.

Yupo mtu mmoja alilimaliza suala hili kwa namna yake. Donald Knuth, mwenye TeX, ile programu ya kupanga vitabu vya hesabu. Toleo la 3 halina mpango wa kwenda 4. Kila akirekebisha hitilafu anaongeza tarakimu moja ya pai: 3.1, 3.14, 3.141. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameagiza kwamba siku akifariki, toleo liwe pai yenyewe, na hitilafu zote zitakazokuwa zimebaki zihesabiwe kuwa ni sifa za programu. Huyo mzee kaandika wosia wa namba ya toleo. Sisi hata faili la mabadiliko tunaona uvivu.

Nimeonyeshwa kadi ya dakika mbili, kwa hiyo swali moja tu. Ndiyo, dada pale mbele.

Anauliza: usiku ule wa Ijumaa uliishaje, na sasa maktaba iko toleo la ngapi?

Usiku ule nilirudisha jumlisha, nikatoa 1.4.3 kabla ya saa tatu, na kwenye maelezo ya toleo nikaandika kwa urefu nilichokuwa nimefanya na nani anapaswa kukagua hifadhidata yake. Tukakaa kwenye simu na yule kijana mpaka saa saba usiku, tukiunganisha akaunti moja moja. Zilikuwa 61. Ya yule mama tulianza nayo. Nikaongeza fanksheni ya pili, inayorudisha namba bila jumlisha, kwa sisi tunaokereka. Sasa tuko 1.19.0. Ile fanksheni ya kwanza sijaigusa. Jumlisha bado ipo, na bado inanikera.

Pilau hilo hapo. Wazee watangulie.